UZI: Unatafuta chuo cha ufundi Dar? Kabla ya kulipa ada, ulizia ndoo ya chakavu

#1 Fundi Baridi

Wakuu, habari za jioni. Wadogo zetu waliomaliza kidato cha nne wako nyumbani, na swali ni lile lile kila mwaka: nisome ufundi chuoni au nikakae na fundi mtaani? Nimeona nisijibu kwa mistari miwili. Nafungua uzi, naeleza yaliyonipata, na waliopita fani nyingine waongeze ya kwao.

Mimi ni fundi wa jokofu na viyoyozi. Nilisoma miaka miwili chuo kimoja binafsi hapa hapa Dar, jina nabaki nalo. Huu ni mwaka wa sita nakula kwa kazi hii, Mikocheni, Masaki, Kigamboni, mpaka Bunju. Chuo sikidharau hata kidogo. Kilinipa kitu ambacho mafundi wengi niliowakuta mtaani hawana, na kikaninyima kitu ambacho nilikuja kukilipia mwenyewe.

Nianze na hicho nilichonyimwa. Wiki ya tatu tangu nimalize chuo nilipata kazi ya kwanza ya peke yangu, kuhamisha AC ya ukubwa wa BTU 12,000 kutoka sebuleni kwenda chumbani, Tabata. Bomba la shaba likapungua, ikabidi niunge kwa moto. Maelezo nilikuwa nayo yote kichwani: safisha shaba mpaka ing'ae, pasha bomba kwanza, zungusha moto, bomba likishaiva ndipo uguse na fimbo ya kuungia, shaba yenyewe iyeyushe fimbo, siyo moto. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama zote. Lakini kwa mkono wangu nilikuwa nimewahi kufanya mara moja tu, tena tukiwa wanane tunapokezana kichomeo, kila mmoja kama dakika mbili.

Pale Tabata niliuweka moto mahali pamoja. Shaba ikageuka nyekundu, ikawa ya machungwa, halafu ikatoboka mbele ya macho yangu. Rangi ya ukuta nyuma yake ikababuka kama ukubwa wa sahani. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakusema kitu. Ufundi tulipatana elfu sitini. Nilitoa elfu arobaini na tano kununua bomba jingine na rangi, nikarudi kesho yake kupaka ukuta mwenyewe.

Tangu siku ile nimelifikiria sana. Kosa lile lilikuwa lazima nilifanye, hakuna fundi ambaye hajawahi kutoboa bomba. Ila nilitakiwa nilitoboe chuoni, mara tano, mara kumi, mwalimu akiwa pembeni. Darasa letu tulikuwa watu 38. Kichomeo kimoja, pampu ya vakyumu moja, na vipande vya shaba vilihesabiwa asubuhi na jioni kama visu vya jikoni kwenye harusi. Shaba ni ghali, na mwalimu ndiye aliyeulizwa kikipotea kipande. Kwa hiyo tuliangalia sana, tukashika kidogo.

Ndiyo maana nasema, ukienda kutembelea chuo usiangalie geti wala ubao wa matangazo. Ingia karakana, ulizia ndoo ya chakavu. Chuo ambacho wanafunzi wanaharibu vitu kina ndoo imejaa vipande vya shaba vilivyotoboka, vyuma vilivyochomelewa vibaya, nyaya zilizokatwa fupi. Karakana safi kama sebule inatakiwa ikupe wasiwasi.

Naendelea chini na kile kilichonisaidia.

#2 Fundi Baridi

Kile ambacho chuo kilinipa ni sababu. Mtaani utaoneshwa namna, na utaijua haraka. Sababu hakuna mwenye muda wa kukupa.

Mfano ni vakyumu. Ukishafunga AC mpya, ndani ya bomba kuna hewa, na hewa ya Dar mnaijua ina unyevu kiasi gani. Kazi inavyotakiwa, unafunga pampu ya vakyumu, unavuta hewa yote mpaka mshale wa geji ushuke chini kabisa ya sifuri, unaiacha ikivuta nusu saa au zaidi, unafunga vali, unazima pampu na kukaa ukiangalia mshale. Ukipanda, kuna mahali panavuja au maji bado yamo. Mafundi wengi wanaruka hatua hii. Wanafungua gesi kidogo, inasukuma hewa nje sekunde chache, wanakaza nati, wamemaliza. AC inapuliza baridi siku hiyo hiyo na mteja anafurahi.

Mwalimu wetu wa nadharia, mzee mmoja mtulivu sana, alitumia kipindi kizima kutueleza unyevu unafanya nini mle ndani. Unachanganyika na gesi na oili ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inatengenezwa asidi, na asidi inakula nyaya za mota ndani ya kompresa polepole. Mwaka mmoja, mwaka na nusu, kompresa imeungua. Mteja anasema AC za siku hizi ni feki, anatafuta fundi mwingine, na fundi mwingine naye anaruka vakyumu.

Ile pampu nilikuwa nimeigusa mara chache sana, lakini kwa sababu nilijua kwa nini ipo, kitu cha kwanza nilichonunua kwa hela yangu kilikuwa pampu. Kabla ya drili. Kabla ya ngazi.

Hivyo hivyo kwenye aina za gesi ya kupoozea. R22 ya zamani unaweza kuijaza kwa kuangalia geji. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, kwa hiyo unaijaza ikiwa kimiminika, mtungi umegeuzwa chini juu, na unapima kwa mizani. R32 inashika moto, R600a ya kwenye majokofu ya nyumbani inashika moto zaidi. Kuna vijana wanawasha kichomeo kwenye jokofu la R600a bila kujua kuna nini ndani. Hawa hawajakosa mkono, mkono wanao mzuri kunishinda mimi nilivyokuwa. Hawajawahi kuambiwa.

#3 Gereji Ilala

Mkuu uzi mzuri, lakini mimi napinga kidogo. Nina miaka 14 gereji, nimeanza kwa kuosha vyuma kwa petroli nikiwa na miaka kumi na saba. Wanaletwa hapa vijana wa chuo kila mwaka kwa ajili ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Ukimwambia fungua gia boksi anakuuliza kitabu kinasemaje. Kijana niliyemfundisha mwenyewe mwaka mmoja anashusha injini na kuirudisha. Wazazi wanalipa hela wakati pale Ilala angejifunza bure na chakula cha mchana anapewa.

#4 Fundi Baridi

Mkuu Gereji, sikukatalii kuhusu mkono. Ila nikuulize kwa heshima: huyo kijana wako, mwezi wa kwanza ulimpa injini ya mteja aishushe peke yake?

#5 Gereji Ilala

Hapana. Mwezi wa kwanza mpaka wa nne ni kuosha, kushika tochi, kukimbilia spea. Injini ya mtu haijaribiwi.

#6 Dada Cherehani

Hapo kwenye jibu la Gereji ndipo nilipopita mimi, naomba nieleze kwa upande wa ushonaji.

Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Mtoto alipofikisha mwaka mama akanipeleka kwa fundi cherehani, Mbagala, nikae nijifunze. Nilikaa miezi minane. Niliyofanya ni kupiga pindo, kufunga vifungo, kupiga pasi na kufagia. Mkasi sikupewa. Yule dada hakuwa mbaya, alikuwa ananigawia hata hela ya nauli. Ila kitambaa ni cha mteja. Kitenge cha mtu ukikikata vibaya hakirudi. Kwa hiyo kukata anakata yeye, na bila kukata wewe si fundi, wewe ni msaidizi mpaka unazeeka.

Baadaye nikasikia habari za vyuo vya maendeleo ya wananchi, nikapata nafasi kwenye kimoja kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, ule wa mabinti walioacha shule. Kilichonivuta ni kwamba mtoto nilikwenda naye, kulikuwa na sehemu ya kulelea watoto pale pale. Siku ya pili, nasema siku ya pili, mwalimu akatugawia karatasi za kaki kubwa, rula na mkasi, akasema kateni sketi. Nilikata ikawa na kiuno cha mtoto na nyonga za bibi. Akanionesha nilipokosea, akanipa karatasi nyingine. Wiki ile nilikata sketi kumi na moja za karatasi. Nimehesabu kwa sababu nilizitunza, ninazo mpaka leo.

Baada ya karatasi tukaenda kwenye kitambaa cha marekani, halafu vitenge. Leo nina vyerehani vitatu na ovaloki moja, kazi kubwa yangu ni sare za shule, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza silali. Kukata nakata mwenyewe. Na nina mabinti wawili wanaojifunza kwangu, nao nimewanunulia karatasi za kaki, maana nakumbuka ile miezi minane.

#7 Fundi Baridi

Dada Cherehani, umelisema nililokuwa nalizunguka. Chuo ni mahali pekee ambapo kitu kikiharibika hakuna mteja anayelia. Kama chuo hakikupi nafasi hiyo, basi umelipa ada ukapate kile kile ambacho ungepata bure kwa fundi, yaani kutazama.

Nitoe pia historia kidogo kwa wasiojua. Hivi vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975 wakati wa Mwalimu Nyerere, wazo lilichukuliwa Sweden kwenye vyuo vyao vya watu wazima. Viko 54 nchi nzima. Kwa watu wa Dar, cha Kisarawe hakiko mbali. Wengi tunajua VETA tu, vile vyuo vya ufundi stadi vya serikali, hivi hatuviulizii.

#8 Mama Gongo la Mboto

Hamjambo wanangu. Mimi ni mzazi, nasoma tu kimya kimya lakini huu uzi umenigusa. Binti yangu amemaliza form four, matokeo hayakuwa mazuri, kapata division four. Anataka umeme au hayo ya AC. Baba yake anasema umeme si kazi ya mtoto wa kike, asome hoteli. Mimi sina ubishi na baba yake, ninachotaka ni asirudi nyumbani baada ya miaka miwili na karatasi asiyoweza kuifanyia kazi. Nianzie wapi? Na gharama zikoje? Naombeni mnieleze kama mama yenu.

#9 Fundi Baridi

Shikamoo mama. Nakueleza ninavyojua.

Division four haimfungii mlango wa ufundi, hilo litoe moyoni kabisa. Vyuo vya VETA vya serikali, kozi ndefu huanza Januari, na kabla ya hapo kuna fomu na mtihani wa kuchuja. Kwa hapa Dar kuna Chang'ombe, kile cha miaka mingi kilicho karibu na uwanja wa taifa, na Kipawa ambacho kimejikita kwenye TEHAMA na elektroniki. Ada ya serikali ilizoeleka kuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, ni nafuu kwa sababu waajiri wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi na sehemu ya hela hiyo inakwenda kwenye mafunzo. Vyuo binafsi kila kimoja na bei yake. Lakini mama, ada siyo gharama yote. Kuna ovaroli, buti za usalama, vifaa vya mkononi, nauli ya kila siku, na hela ya kujikimu kipindi cha fildi. Kaa na bajeti ya hivyo kabla hujafurahia ada ndogo.

Ngazi za vyeti vya ufundi stadi ziko tatu, yaani NVA ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukifika chuo binafsi chochote, uliza kama wamesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na omba uoneshwe, usiambiwe kwa mdomo.

Sasa kutembelea. Nenda siku ya kazi, Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi. Usiende siku ya mahafali wala siku wanayoita ya wazi. Omba kuingia karakana na binti yako. Hesabu wanafunzi, hesabu mashine zinazofanya kazi. Muulize mwanafunzi, siyo mwalimu: wiki hii umeshika nini kwa mkono wako? Na ile ndoo.

Kuhusu mtoto wa kike: wateja wangu wengi ni akina mama walio nyumbani mchana peke yao. Kuna nyumba ambazo nimerudishwa getini kwa sababu baba hayupo. Fundi wa kike wa AC angeingia. Hii ni kazi ipo inamsubiri.

#10 Umeme Segerea

Naongezea kwenye umeme, mama asikie mapema kitu ambacho mimi nilikijua nimechelewa.

Cheti cha chuo ni kimoja, leseni ni kingine. Nyumba ili iombewe umeme TANESCO, wayaringi inatakiwa ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na fomu igongwe mhuri wake. Nilitoka chuo najua kuvuta bomba, waya wa 1.5 kwenye taa, wa 2.5 kwenye soketi, ethi rodi ya ardhini, kupima nyaya kwa mega, kila kitu. Nafunga nyumba nzima kwa jasho langu, halafu natafuta mwenye leseni aje agonge, na hela ya mhuri inatoka kwangu. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka miwili. Chuoni neno leseni nililisikia labda mara moja.

Kwa hiyo binti akichagua umeme, aulize mwaka wa kwanza kabisa leseni inapatikanaje, inahitaji ngazi gani na uzoefu gani, na kila kazi anayofanya kwenye fildi aiandike na isainiwe. Karatasi hizo ndizo zilinisaidia nilipoenda kuomba.

Na mwambieni baba yake, kwa heshima zote, kwamba darasani kwetu walikuwepo wasichana wanne na mmoja ndiye aliyekuwa bora kwenye bodi ya breka. Mkono mwepesi, nyaya zimelala sambamba kama zimechanwa nywele.

#11 Kijana wa Keko

Niko mwaka wa kwanza useremala, fildi naanza mwezi ujao. Fundi Baridi umegusia fildi tu ukapita. Tupe hiyo.

#12 Fundi Baridi

Fildi ndiyo nilitaka niiandikie kwa utulivu, maana miezi ile inaweza kukuokoa au ikapita bure.

Nilipelekwa kampuni moja inayohudumia AC za maofisi katikati ya mji. Wiki tatu za mwanzo nilibeba ngazi na kuosha filta. Nilikasirika, nikawa naandika kwenye daftari la fildi "kuosha filta" kila siku mpaka aibu. Kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima, akaliona lile daftari, akaniuliza: filta hizi zote ulizoosha, ipi ilikuwa chafu kuliko zote, na ya chumba gani? Sikujua. Akanipa kazi. Akaniambia kila AC niandike mambo matatu: mwenyewe kalalamika nini, sisi tumekuta nini, tumefanya nini. Hata kama nimeshika ngazi tu.

Nikaanza. Baada ya mwezi na nusu daftari lilikuwa na AC zaidi ya themanini, na nikaanza kuona mambo. Ghorofa za upande wa bahari mapezi ya mashine ya nje, yale mabati membamba ya kupitishia hewa, yanalika na chumvi, ukiyagusa yanamomonyoka kama biskuti. Vyumba vya karibu na jiko la ofisi filta zina mafuta, hazitakati kwa maji matupu. AC ambayo feni ya nje inanguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, kifaa kidogo cha kuisaidia mota kuanza, kitu cha bei ndogo.

Siku moja tukaenda nyumba moja Masaki. AC haitoi baridi, mwenyewe amechoka, ameshajaziwa gesi mara mbili ndani ya miezi mitatu na mafundi wengine. Yule mzee akanisukuma mbele, akasema anza wewe. Nikashika bomba la nje, lina barafu. Mtu wa haraka anasema gesi imepungua. Nikakumbuka darasani: barafu inaweza kuwa gesi pungufu, na inaweza kuwa hewa haipiti ndani. Nikafungua ya ndani. Filta nimezitoa ni safi, lakini nyuma yake mapezi yamevaa blanketi la vumbi na manyoya ya paka, hewa haipenyi. Tukaosha na pampu ya maji. Mzee akafunga geji, gesi ilikuwa imezidi kwa zile mara mbili walizoongeza, tukapunguza. Baridi ikarudi. Mwenye nyumba alikaa chini kwenye ngazi akasema "kwa hiyo nililipia gesi bure?" Mzee hakumjibu, alinitazama mimi.

Pale ndipo nadharia na mkono vilikutana kwangu kwa mara ya kwanza. Na vilikutana kwa sababu mtu mmoja aliamua kunisimamia. Hakulipwa hata senti kwa ajili yangu. Mwalimu wa chuo alikuja kunikagua mara moja, dakika kumi na tano, akasaini akaondoka, ana wanafunzi wengine arobaini kutoka Bagamoyo mpaka Mbagala.

Kijana wa Keko, kwa hiyo usisubiri chuo kikutafutie mtu wa kukusimamia. Ukifika pale, ndani ya wiki ya kwanza mjue ni nani mwenye subira. Huwa siyo bosi. Mwahi asubuhi, mbebee sanduku la vifaa, muulize swali moja kwa siku, moja tu, lakini la maana. Na andika yale mambo matatu.

#13 Kijana wa Keko

Nimeshanunua daftari. Shukrani mkuu.

#14 Gereji Ilala

Nimesoma hapo juu yote. Niseme na mimi ukweli wangu ambao sikuusema mwanzo.

Miaka miwili iliyopita kulitoka kazi kwenye kampuni moja ya malori. Mimi kazi naijua, waliokuja kunisaili nimewahi kuwatengenezea magari yao. Wakaomba cheti. Sina. Kazi akapewa kijana ambaye alikuja fildi kwangu. Nilirudi gereji siku ile sikuongea na mtu.

Baadaye mteja mmoja akanieleza kwamba VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unajiandikisha, wanakuja kukupima ukiwa kazini kwako, unapopungukiwa unaongezewa mafunzo, ukifaulu unapewa cheti. Nilipimwa. Injini, klachi, breki nilipita bila shida. Nilipopungua ni kwenye umeme wa gari, masensa na kusoma kompyuta ya gari. Yaani pale pale ambapo vijana wa chuo huwa nawacheka wakiuliza kitabu. Nikasoma. Cheti ninacho ukutani, kimefunikwa nailoni kisiingie oili.

Bado naamini kijana aanze kwa fundi. Miezi miwili mitatu kabla ya ada, ajue kama kazi anaipenda au anapenda ovaroli. Lakini akishajua, aende chuo. Na wale wa fildi wanaokuja kwangu sasa nimewatengea injini moja mbovu ya Noah, haina mwenyewe. Washushe, wafungue, waharibu. Wazo nimelipata kwa yule dada wa karatasi za kaki.

#15 Dada Cherehani

Kaka Gereji, hapo kwenye Noah nimesimama nikapiga makofi peke yangu dukani, mteja kashangaa.

#16 Mama Gongo la Mboto

Wanangu nimerudi, imepita wiki tatu. Nilifanya kama mlivyonielekeza.

Tulikwenda vyuo viwili, majina nayaacha. Cha kwanza ofisi nzuri sana, vigae, dada wa mapokezi anaongea vizuri. Nikasema naomba kuona karakana. Wakasema mwenye ufunguo ametoka. Tukakaa mpaka saa saba. Akaja, akafungua, mashine zimefunikwa turubai na zina vumbi juu ya turubai. Binti yangu akaandika jina lake kwenye vumbi kwa kidole. Tukaondoka.

Cha pili jengo la zamani, paa la bati, joto. Tulisikia nyundo tangu getini. Ndani kuna wanafunzi kama ishirini, meza sita, kila meza ina bodi ya mbao imefungwa nyaya. Nikauliza ndoo, mwalimu akadhani nataka kutupa takataka. Nilipomweleza akanishika mkono akanipeleka nyuma. Mapipa mawili. Shaba na chuma kando, nyaya kando. Akasema mwisho wa muhula wanauza, wananunua nyingine. Binti alikuwa ameshasogea mezani, kuna msichana anamwonesha namna ya kumenya waya bila kukata shaba ya ndani. Aliharibu mara tatu, ya nne ikatoka safi. Ule waya kaja nao nyumbani, kampa baba yake. Baba yake aliushika muda mrefu, akauliza ada ni shilingi ngapi.

Anaanza Januari, umeme. AC kasema ataiongeza baadaye.

#17 Umeme Segerea

Mama hongera sana. Mwambie binti suala la leseni asisahau, na akifika fildi akikosa mtu wa kumsimamia huku Segerea aje, nimeshapata leseni na nina kazi za kutosha.

#18 Mama Gongo la Mboto

Asante mwanangu, nitamwambia. Nina swali moja la mwisho. Wanataka buti za usalama, zile za chuma mbele. Binti anavaa namba 37. Nimezunguka Kariakoo siku nzima, zote zinaanzia 40. Muuzaji mmoja ananiambia aweke pamba mbele.

#19 Dada Cherehani

Mama asiweke pamba, atajikwaa kwenye ngazi. Mdogo wangu yuko kwenye uchomeleaji, lilimpata hilo hilo. Nenda kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, siyo maduka ya viatu, waulize saizi za kike, kama hazipo waagizie, wao wanapiga simu na baada ya siku chache zinakuja. Nenda na binti mwenyewe, avae na soksi nene, atembee mle dukani, achuchumae. Na ovaroli msinunue ya dukani, zinakatwa kwa mwanaume, mabega yanamwaga. Mlete Mbagala nimpime.